Banda ni la Kondoo

Shamba la Hollin Bank, Herefordshire
4 Machi 2017

Mwanangu Adrian,

Nakusalimu wewe, mkeo Ingrid, na yule mjukuu wangu Thora ambaye hajui kuandika barua bila kumaliza karatasi nzima kwa picha ya farasi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu kila ngazi. Kondoo wameanza kuzaa. Jana wamezaliwa saba, na mmoja nimemlaza jikoni kwenye sanduku la viazi kwa sababu mama yake amemkana mchana kweupe.

Sasa jambo lenyewe. Ulipoandika wakati wa Krismasi kwamba Ingrid yuko tayari kuhamia huku, lakini hataki kuishi jiko moja na mimi, sikukasirika hata kidogo. Nyumba hii ina vyumba viwili na mdomo mmoja mkubwa, na mdomo huo ni wangu. Nimefikiri. Lile banda la mawe huko juu, alilojenga babu yako mkubwa, lina kuta nene, lina paa, na linatazama bonde lote. Lichukue. Ligeuze nyumba. Mwenye duka la posta ananiambia ipo sheria siku hizi: banda la zamani la shamba halihitaji kibali kile kirefu cha ujenzi. Unaiarifu tu halmashauri kwamba unabadili matumizi, nao wana siku hamsini na sita za kukataa. Wakinyamaza, umepita.

Baba yako aliondoka hapa na mkoba mmoja. Wewe rudi na lori.

Shangazi yako,
Enid Prosser


Kisiwa cha Westray, Orkney
19 Machi

Shangazi mpendwa,

Barua yako ilikaa siku nne Kirkwall kwa sababu ya ukungu, ndege haikuruka. Sisi hatujambo. Ingrid anakusalimu na anasema asante kwa kutokasirika. Thora anauliza kama yule mtoto wa kondoo wa jikoni amepewa jina, na kama hajapewa, yeye anapendekeza Admirali.

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilitoka nje kidogo. Ndiyo, Shangazi. Tunalitaka banda.

Lakini nisikilize vizuri, maana nimeisoma sheria hiyo na ina meno. Kwanza, inaruhusu kugeuza banda lililopo, hairuhusu kujenga jipya. Ule ukuta wa kaskazini wenye ufa, usiuguse. Najua unajua kupanga mawe, nimekuona. Watu wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa ukijenga ukuta kibali kimekufa. Uache uegemee hivyo hivyo, nitauimarisha kwa mbao kutoka ndani.

Pili, na hili ndilo kubwa: ni lazima iwe banda lilikuwa la kilimo, na la kilimo tu, kabla ya tarehe waliyoiweka wao mwaka 2013. Kwenye fomu kuna mahali pa kueleza matumizi. Andika: "Kufugia kondoo na kuhifadhi majani makavu." Weka nukta. Ofisa mipango akija kukagua, mpe chai kikombe kimoja. Ukishika kikombe cha pili huwa unaanza hadithi.

Hatuna haraka yoyote. Thora amepanga vitabu vyake vyote kwenye maboksi, lakini huo ni mchezo tu.

Mtoto wako,
Adrian


Hollin Bank
21 Aprili

Mwanangu Adrian,

Salamu kwenu nyote. Admirali anakua na amekula pazia. Goti bado linabishana nami. Kondoo wamezaa vizuri mwaka huu, tumepoteza wawili tu, na mmoja kati ya hao alizaliwa akiwa tayari amekata tamaa.

Fomu na michoro yako nilivipeleka mwenyewe tarehe kumi. Siku ya nane wakaja kubandika tangazo la manjano kwenye geti, na sasa kijiji kizima kinapita kwa miguu kulisoma, hata watu ambao kwa miaka ishirini hawajawahi kutembea. Alikuja pia mtaalamu wa popo, maana sheria inawalinda. Aliweka kiti bandani akakaa jioni mbili akitazama juu. Amempata popo mmoja, dume, asiye na familia. Tutamjengea kisanduku chake ukutani na halmashauri itaridhika.

Ofisa mipango anaitwa Bwana Pocock. Kijana mpole, viatu vyake havifai kabisa. Alikunywa chai na akasifu banda. Matumizi niliandika kama ulivyosema. Niliongeza maelezo kidogo tu, ili wajue ni jengo la maana.

Shangazi yako,
Enid


Westray
6 Mei

Shangazi,

Hatujambo hapa, upepo tu. Ingrid ana mafua na hasira za mafua. Thora anataka picha ya Admirali pamoja na pazia.

Nimesoma barua yako kwa furaha mpaka nilipofika kwenye neno "kidogo". Nakujua. Kidogo ni kurasa ngapi? Na Bwana Pocock alikunywa vikombe vingapi?

Adrian


Hollin Bank
11 Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu, salamu, salamu. Mwaka huu stroberi zimezaa ajabu. Nimepika jemu chupa thelathini na moja. Zile za kwanza hazikuganda, nadhani sukari ilikuwa ya unyevunyevu, lakini kuanzia ya kumi na mbili zikakaa kama inavyotakiwa. Bi Hilary Gwilliam, katibu wetu wa kamati ya karamu ya mavuno, unamkumbuka, yule mwenye miwani ya mnyororo, amesema yake imeganda tangu ya kwanza. Ni mwongo, lakini kanisani tunakaa benchi moja.

Manyoya tumeshakata. Admirali alilia kuliko wote. Mvua ilinyesha Jumanne, ikapumzika Jumatano, ikaendelea Alhamisi. Kasisi mpya amepaka mlango wa kanisa rangi ya buluu na watu wawili wameacha kumsalimia. Nakutumia chupa mbili za jemu kwa posta, nimezifunga kwa soksi zako za zamani.

Bwana Pocock hajambo.

Shangazi yako,
Enid


Westray
20 Juni

Shangazi,

Jemu imefika salama na soksi pia. Asante. Thora amemaliza chupa moja kwa kijiko.

Umeniandikia kurasa nne. Mbili ni za jemu, na hakuna hata sentensi moja ya banda. Siku hamsini na sita zilikwisha tarehe tano Juni, nimezihesabu kwenye kalenda ya Ingrid. "Bwana Pocock hajambo" si jibu, Shangazi. Sikuuliza afya yake, niliuliza vikombe.

Basi nianze mimi kusema kweli ili nawe upate njia. Si kweli kwamba hatuna haraka. Mwenye nyumba hii anaichukua ampe mwanawe, na tunatoka mwisho wa Novemba. Kaka yake Ingrid kule Bergen, ng'ambo ya bahari, ametutafutia nyumba na karakana ya useremala, na anataka jibu ifikapo mwisho wa Septemba. Ni nyumba nzuri. Mimi siitaki. Lakini siwezi kumwambia Ingrid aache nyumba yenye paa kwa ajili ya banda lisilo na kibali. Sikukuambia mapema kwa sababu sikutaka ukimbie na goti hilo.

Maboksi ya Thora si mchezo.

Niambie.
Adrian


Hollin Bank
27 Juni

Mwanangu Adrian,

Leo sina salamu ndefu. Naona haya.

Walikataa. Barua ilikuja tarehe thelathini Mei. Nimeificha ndani ya birika la chai la bibi yako, na kila asubuhi nainua kifuniko nikitumaini imebadilika.

Maelezo yalikuwa kurasa sita. Uliniambia niandike kondoo na majani makavu, na kweli niliandika, mstari wa kwanza. Halafu kalamu ikanoga. Nikawaandikia kwamba hilo si banda la hivi hivi. Nikawaambia kwamba tangu mwaka 1971 karamu ya mavuno ya kijiji chote inafanyika humo, watu themanini, meza moja ndefu kutoka mlangoni mpaka ukutani. Nikawaambia kuhusu arusi ya Cyril Beavan, na ile bendi ya tarumbeta kutoka Leominster, na jinsi baba yako Mervyn alivyocheza juu ya meza akavunja mguu wa meza na si wake. Nilimwonyesha Bwana Pocock alama ya pale alipoangukia. Vikombe vilikuwa vitatu.

Wamejibu kwa adabu sana. Wanasema sheria inahusu jengo lililotumika kwa kilimo tu, na kwa maelezo ya mwombaji mwenyewe, hili limekuwa ukumbi wa sherehe kwa miaka arobaini na sita. Wamenukuu maneno yangu, yote. Mdomo umeponza kichwa, na si kichwa changu bali chako, wewe na Ingrid na mtoto.

Nitakuambia kwa nini nilifanya hivyo, maana nimekaa na jambo hili mwezi mzima na jemu haijanisaidia. Baba yako aligombana na babu yako Jumatatu moja kwa sababu ya trekta, akaenda kaskazini, akaniandikia kwamba atarudi kwenye karamu. Mwaka ule. Kisha mwaka uliofuata. Kila mwaka niliweka kiti chake, na kila mwaka Hilary aliuliza kama kiti hicho kina mtu nami nikasema kina. Alipokufa sikuacha. Kwa hiyo serikali iliponiuliza banda hili ni la nini, nilitaka angalau mtu mmoja ofisini ajue kwamba Mervyn alicheza humo. Ndiyo hivyo tu. Na nikakaa kimya kwa sababu niliogopa utafanya kama yeye, utasema mwakani.

Nisamehe. Nenda Bergen ikibidi. Nitakuja kuwatembelea na kujifunza kupenda samaki wa huko.

Enid


Westray
5 Julai

Shangazi yangu,

Hatujambo. Salamu kwa Admirali.

Nilikasirika dakika kumi hivi, nikapiga misumari. Halafu nikamsomea Ingrid barua yako kwa sauti. Nilipofika kwenye birika akacheka mpaka akakaa chini, kisha nilipofika kwenye kiti cha baba akalia. Anasema nikuambie kwamba hajaandika Bergen bado, na hataandika mpaka siku ya mwisho kabisa.

Baba hakuwahi kuniambia habari ya meza. Nilijua tu kwamba alikuwa na kovu kwenye kidevu.

Sasa tufikiri. Niliwahi kuja kwenye karamu hiyo mara moja, nikiwa na miaka kumi, mama aliponileta. Unajua ninachokumbuka? Si bendi. Nakumbuka nilikaa juu ya marobota ya majani kwa sababu hayakuondolewa, na dume la kondoo lilikuwa nyuma yangu kwenye zizi, likinipumulia shingoni usiku kucha. Chakula kilikuwa na manyoya. Huo ulikuwa ukumbi wa namna gani? Ukumbi wa sherehe ni pale kondoo wanapotolewa nje. Kwako kondoo walikaa na wageni ndio waliobanana.

Nimesoma tena nakala ya barua ya kukataa uliyoniambatishia. Hawasemi mtu hawezi kula bandani mwake. Wanasema hawana ushahidi kwamba kilimo kiliendelea. Karamu ni siku moja kwa mwaka. Siku nyingine mia tatu sitini na nne zilikuwa za nani? Tunaweza kuomba upya, ila tunahitaji kitu kilichoandikwa wakati ule ule, si leo. Kitabu cha chanjo, risiti ya majani, chochote. Je, kuna mtu aliyewahi kulalamika?

Adrian


Hollin Bank
2 Agosti

Mwanangu Adrian!

Salamu kwa wote, goti halijambo, kila kitu hakijambo, keti chini.

Uliuliza kama kuna mtu aliyewahi kulalamika. Adrian, hiki ni kijiji. Nilivaa koti nikaenda kwa Hilary Gwilliam, nikala jemu yake nikaisifu, jambo lililoniuma kuliko goti, nikamwuliza kama bado anazo zile daftari za mihtasari ya kamati. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kama bado ana meno. Anazo zote, kuanzia 1971, zimefungwa kwa utepe. Tulikaa mpaka saa kumi jioni. Nimekunakilia:

"1988. Kamati inamshukuru Bi Enid Prosser kwa banda. Kamati inasikitika kwamba majani makavu yalichukua nafasi ya meza tatu, na kwamba Bi Prosser alikataa kuyasogeza."

"1994. Dume la kondoo lilikula kofia ya kasisi. Bi Prosser alisema kofia ndiyo iliyokuwa mahali pasipo pake."

"2003. Ilipendekezwa karamu ihamie ukumbi wa shule, kwa sababu ya harufu. Wote waliunga mkono. Hakuna aliyethubutu kumwarifu Bi Prosser."

Hilo sikuwa nalijua! Miaka kumi na minne nakaa nao benchi moja! Nilitaka kuondoka, lakini Hilary akanishika mkono akasema, "Kaa, Enid, tulia. Soma huu wa 2012." Nikausoma:

"2012. Mwenyekiti alimwuliza Bi Prosser kama kondoo wangeweza kutolewa kwa usiku mmoja tu. Bi Prosser alijibu kwamba banda ni la kondoo, na kamati ndiyo wageni."

Kwa mwandiko wa Hilary, kwa wino, na sahihi ya mwenyekiti! Mwaka mmoja kabla ya tarehe yao!

Maombi mapya yamekwenda tarehe kumi na mbili Julai, pamoja na nakala za malalamiko ya miaka arobaini na sita. Maelezo yangu safari hii ni mstari mmoja, na Hilary alisimama nyuma yangu nikiandika. Wiki iliyopita Bwana Pocock alikuja tena, kwa viatu vinavyofaa. Alisoma mihtasari akiwa amesimama bandani. Alipofika kwenye kofia ya kasisi akageuka ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nikamwuliza, "Umeona ufa?" Akasema, "Hapana, Bi Prosser, ni vumbi."

Nilimpa chai kikombe kimoja. Aliomba cha pili. Nikamnyima.

Shangazi yako,
Enid


Hollin Bank
7 Septemba

Mwanangu,

Tumepewa. Barua ilikuja jana, siku ya hamsini na sita hasa, saa nne asubuhi, nikamkumbatia mleta posta naye akadondosha barua za Cyril matopeni. Nakuambatishia nakala. Ile yenyewe iko ndani ya birika, lakini sasa kwa heshima. Mwambie Ingrid. Mwambie Thora atoe maboksi mlangoni.

Nimefurahi mpaka nimempa Admirali biskuti.

Liko jambo moja, nalisema ili nisije nikalificha tena. Bwana Pocock alinieleza kwa upole kwamba kibali ni cha makazi. Banda likishakuwa nyumba si ukumbi, na hapatakuwa na karamu ya kijiji humo. Nilimwambia ni haki kabisa. Kwa hiyo karamu ya tarehe thelathini mwezi huu ndiyo ya mwisho, baada ya hapo tutakwenda ukumbi wa shule, ambako naambiwa watu wamekuwa wakitamani kwenda tangu 2003. Usinionee huruma. Meza imekaa pale vya kutosha, na afadhali mtoto kuliko meza. Nimelia kidogo tu, na safari hii kidogo ni kidogo.

Enid


Westray
19 Septemba

Shangazi yangu mpendwa,

Ingrid alisoma barua yako akiwa amesimama mlangoni, akaingia ndani moja kwa moja akamwandikia kaka yake. Amemwambia asante, na hapana. Thora amechora farasi mwenye kibali. Tunapanda meli tarehe ishirini na tano Novemba. Tutalala kwako majira ya baridi, na Ingrid anasema kwa ajili ya banda anaweza kuvumilia jiko moja mpaka Pasaka, lakini si siku moja baada yake.

Kuhusu karamu. Nimeichukua ile sheria nikaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na viambatisho. Inasema habari ya madirisha, habari ya maji, habari ya popo. Sikuona mahali popote panapomkataza mtu kualika majirani zake kwa chakula cha jioni nyumbani kwake, mara moja kwa mwaka, mwezi wa tisa. Wala haisemi majirani wasizidi wangapi.

Nimechora upya. Jiko litakuwa chumba kimoja kirefu, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Meza nitaitengeneza mwenyewe, na miguu yake itakuwa ya mwaloni mnene, ikiwa mtu wa ukoo huu atapanda juu yake.

Adrian


Hollin Bank
1 Oktoba

Mwanangu Adrian,

Salamu zenu nimezipata, na mchoro nimeubandika juu ya jiko. Karamu imepita. Watu themanini na watatu. Majani makavu sikuyasogeza. Admirali alivunja zizi akala nusu ya pai ya Hilary, na kwa mara ya kwanza nadhani ana akili.

Kabla ya keki nilisimama nikawasomea barua yako, ile sehemu ya mwezi wa tisa. Halafu Cyril akasema kwa sauti, "Yaani ukumbi wa shule ndiyo basi tena?" nao wakapiga meza kwa mikono mpaka glasi zikaruka. Hawa ndio waliokuwa wakilalamikia harufu.

Hilary ameshaandika muhtasari. Nakunakilia wote, ni mfupi:

"2017. Kamati imearifiwa kwamba kuanzia mwakani banda ni nyumba ya Adrian Prosser na familia yake, na kwamba kamati ni wageni, kama siku zote. Hakuna malalamiko."

Kiti cha baba yako nilikiweka kama kawaida. Hilary akaniuliza kama kina mtu. Nikamwambia kina mtu, yuko njiani, anakuja na lori.

Shangazi yako,
Enid